Filta Ikigoma, Usikimbilie Mnyororo

Ingia duka lolote la spea kuanzia Kabwe mpaka Mwanjelwa, ulizia kifaa cha kufungulia filta ya oili. Mara nyingi utaletewa mnyororo, yaani mpini wenye cheni ya kuzungushia filta. Muuzaji ataushika mpini, ataung'uta juu ya kaunta, atakuambia hakuna filta iliyowahi kuushinda. Hakudanganyi. Mnyororo ukishaibana filta, itatoka. Isipotoka nzima itatoka vipandevipande, na hapo ndipo kazi yako itakapoanza upya.

Gari langu nalifanyia sevisi mwenyewe, nyumbani, hapa Mbeya, na sina ugomvi na mnyororo. Ninao kwenye sanduku. Ila ndicho kifaa ninachokigusa mara chache kuliko vyote, kwa sababu filta nyingi zilizogoma nilizokutana nazo hazikuhitaji nguvu zaidi, zilikosa nafasi ya kufanyia kazi. Filta imejibanza kati ya bomba la moshi na ubavu wa injini, vidole vyenyewe vinaingia kwa kubembeleza, halafu mtu anapeleka huko mpini mrefu. Utauzungushia wapi? Kabla ya kuuliza kifaa kina nguvu kiasi gani, uliza kitapita wapi na mpini utazunguka umbali gani kabla haujagonga kitu. Ukishajibu hilo, tazama hali ya bati la filta. Nguvu ije ya tatu.

Kuhusu bati: filta ya kawaida ni kopo jembamba sana. Ndani yake kuna karatasi iliyokunjwakunjwa, na upande unaokaa kwenye injini kuna sahani nene ya chuma yenye thredi (mistari ya kufungia, kama ya skrubu) katikati na matundu yaliyoizunguka. Oili huingia kwa matundu ya pembeni, huchujwa, hurudi kwenye injini kwa tundu la katikati. Kinachoshika injini ni hiyo sahani na raba iliyouzunguka mdomo wake. Kopo lenyewe halishiki kitu, na limekunjiwa ukingoni mwa sahani basi. Ukilikamata kopo katikati na kulisokota kwa nguvu zako zote, sahani inaweza kubaki palepale huku kopo likijikunja. Ndiyo maana, kwa kifaa chochote kinachobana kutoka pembeni, kamatia karibu kabisa na injini, pale ambapo sahani iko nyuma ya bati. Sentimita mbili tatu zinatofautisha filta iliyofunguka na filta iliyobonyea.

Na kwa nini inagoma? Thredi mara chache ndizo zenye kosa. Ni raba. Raba iliyofungwa kavu bila kupakwa oili, ikabanwa kupita kiasi, halafu ikapikwa na joto la injini kwa maelfu ya kilomita, hung'ang'ania chuma utadhani imegundishwa. Magari ya huku nayo yanapanda: toka Tukuyu kuja juu Uporoto, toka Mbalizi kuja mjini, na ule mlima wa Uyole ambao malori yanautambaa kwa gia ndogo. Injini inakaa kwenye joto muda mrefu na raba inakaa nayo.

Lakini kosa kubwa ni la mkono uliofunga. Makampuni mengi yanayotengeneza filta yanasema karibu kitu kilekile, na mara nyingi kimechorwa hata kwenye kopo: funga kwa mkono hadi raba iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Basi. Kwenye gereji nyingi hilo halifuatwi, na ukitulia utaelewa sababu. Fundi anajua ukienda Kyela ukarudi na tone la oili chini ya gari, utamrudia yeye, tena kwa sauti. Akikaza mpaka mishipa imtoke, atakayeumia ni fundi mwingine miezi kadhaa mbele. Kwa hiyo anakaza. Wengine wanakaza kwa mnyororo uleule wa kufungulia, na ushahidi unauona ukilala chini ya gari: meno ya mnyororo yamechora pete kwenye bati.

Sasa jambo ambalo naliona halisemwi vya kutosha. Legeza filta kabla hujamwaga oili. Wengi tunaanza na nati ya chini ya kumwagia oili (kwenye Toyota nyingi inafunguka kwa spana namba 14), oili yote inaishia kwenye beseni, ndipo tunageukia filta, na filta inagoma. Gari halina oili, halisogei, na fundi yuko kule mtaa wa Soweto. Anza na filta. Ikikubali kulegea kidogo, irudishe kwa mkono, kisha endelea na nati. Ikikataa kabisa, bado una gari zima lenye oili yake, unaliwasha na kulipeleka kwa mwenye vifaa.

Liwe na uvuguvugu. Asubuhi za Juni na Julai Mbeya, oili imekuwa nzito na raba imekakamaa. Acha injini ingurume dakika chache, zima, subiri kidogo. Usiingie chini mara tu baada ya safari, kwa sababu bomba la moshi lililo jirani na filta halina huruma na ngozi ya mkono. Na kwa kuwa viwanja vyetu vingi vina mteremko, kuanzia Forest hadi Iyela, ziba matairi kwa mawe makubwa na uweke stendi za chuma za kushikilia gari. Jeki peke yake ni ya kubadilishia tairi. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.

Upande wa kuzungushia nao umewapoteza wengi, wakiwemo watu wenye akili zao. Ukiitazama filta kwa ule upande wake wa mwisho, uliofumba, inafunguka kinyume cha mwendo wa saa. Hilo ni rahisi ukiwa umelala chini na filta inakutazama usoni. Ukiwa umeinamia injini toka juu, na filta inatazama chini, unaiona kwa mgongo wake, na mkono wako utauona unakwenda upande wa saa. Filta kadhaa "zilizogoma" zilikuwa zinakazwa tu na mtu aliyedhani anafungua. Ukibaki na shaka, ishike filta mpya hewani kwa mkao uleule na uzungushe kama unayeifunga. Upande wa pili ndio wako.

Turudi kwenye vifaa. Ninachopenda kuliko vyote ni kikombe. Ni kofia ya chuma yenye pande ndani yake, inavaa mwisho wa filta, na katikati ina tundu la mraba la kuchomekea racheti (mpini wa kufungulia nati). Hakihitaji nafasi pembeni. Kinahitaji nafasi mbele ya filta tu, na ukiwa na kipande cha kurefushia racheti unaweza kusimama mbali kabisa na bomba la moshi. Kwenye Subaru za injini ya zamani, ambazo filta yake inatazama chini ikiwa imezungukwa na mabomba ya moshi, sioni kifaa kingine cha maana. (Subaru za baadaye waliihamishia filta juu ya injini, na aliyefikiria hilo nadhani aliwahi kuungua mkono.)

Shida ya kikombe ni saizi. Hakuna kikombe cha filta zote. Filta yenye namba 90915-YZZE1, inayoonekana sana kwenye Toyota ndogo za huku, inataka kikombe cha milimita 64 au 65 chenye pande 14. Ukivalisha kilichozidi kidogo kitateleza na kulainisha zile kona za bati, na ukishazilainisha kikombe sahihi nacho kitateleza. Kwa hiyo watu wanashauriwa waende dukani na filta mpya wapimie. Ushauri mzuri, ila una tundu: filta unayotaka kuifungua si hiyo uliyobeba. Iliyoko kwenye injini ilichaguliwa na aliyefanya sevisi ya mwisho, na inaweza kuwa ya kampuni nyingine, yenye pande nyingine, au ya kughushi yenye vipimo vyake yenyewe. Ingiza simu chini ya gari, piga picha mwisho wa ile filta, soma namba na uhesabu pande. Ndipo uende.

Dukani mazungumzo huwa mafupi.

"Dada, vikombe vya filta mnavyo?"

"Vya gari gani, kaka?"

Ukijibu jina la gari tu, atakupa anachodhani. Ukimwonyesha picha na kumwambia pande 14, milimita 65, atainama chini ya kaunta na kutoa kile chenyewe. Omba kukijaribisha kwenye filta ya namba hiyo iliyoko rafuni. Kinatakiwa kiingie kwa kusukumwa kidogo, kisicheze. Vile vya bati lililopigwa vinapanuka ukivitumia kwa nguvu. Vya aluminiamu nene au chuma cha kumiminwa vinadumu.

Ukiwa unafungua magari ya aina nyingi, au pande za filta zimeshalainishwa, chukua kifaa cha makucha matatu. Nacho kinavaa mwisho wa filta na kuzungushwa kwa racheti, na kadiri unavyozungusha ndivyo makucha yanavyobana. Kimoja kinatosha filta za saizi nyingi. Kinahitaji nafasi kidogo pembeni kwa ajili ya makucha, na kwenye kopo dhaifu kitalibonyeza. Wakati wa kununua angalia kama makucha yanabana ukizungusha upande wa kufungua, maana vingine vinataka kugeuzwa kwanza.

Mkanda wa kitambaa au wa raba ni mpole kwa bati na unafaa sana palipo na nafasi pembeni, ila hauvumilii oili. Filta ikiwa imelowa, mkanda unazunguka peke yake. Kausha kopo kwa kitambaa safi, zungushia kipande cha msasa, upande wenye chenga ukitazama bati, halafu vuta. Hata kwa mkono mtupu msasa unasaidia. Kuna filta ambazo zimekubali kwa msasa na glavu kavu, bila kifaa chochote. Mkanda wa chuma wenye mpini siusifii. Unapishana na saizi kirahisi, na kopo likiwa jembamba unalikunja kiuno.

Plaizi za filta, zile zenye mdomo mpana wenye meno na mikono mirefu, ni nzuri kwa anayefanyia kazi shimoni, gari likiwa juu na filta ikining'inia wazi. Zinakamata kwa kasi na unaweza kuzipenyeza toka mbele hadi karibu na sahani. Kwa anayelala chini ya gari lililoinuliwa kwa stendi, mikono mirefu ya plaizi inakuwa kero.

Na mnyororo? Kwake ni kwenye malori. Mengi ya yale yanayokwenda Tunduma yana filta kubwa, bati nene, na nafasi ya kutosha kwa mpini kuzunguka. Kule mnyororo ni mfalme halali. Kwenye gari dogo utumie ukiwa umeshakubali kwamba kopo litaharibika, na uukamatishe kule karibu na injini.

Kuna mahali ambapo mnyororo, plaizi na makucha vyote ni marufuku. Baadhi ya Toyota za miaka ya karibuni hazina kopo. Zina kifuniko cha plastiki au aluminiamu kinachobaki na gari, na unachobadilisha ni karatasi ya ndani na ringi ya raba. Kifuniko hicho kinafunguliwa kwa kikombe chake tu. Kwenye vingi kimechorwa kipimo cha kukazia, 25 N·m, ambacho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ukikipasua unanunua kifuniko kipya, na kukipata hapa mjini siku hiyohiyo ni kubahatisha.

Sasa bisibisi. Kila mtu amesikia: toboa filta kwa bisibisi kubwa, itumie kama mpini. Inafanya kazi, lakini hiyo ni hatua isiyo na kurudi nyuma. Filta iliyotobolewa haiwashiwi gari. Hakikisha filta mpya iko mkononi, oili mpya ipo, ya zamani imeshamwagwa, na si Jumapili jioni. Toboa nusu ya chini, mbali na injini, kwa sababu karibu na sahani kuna bomba fupi la thredi linaloingia ndani ya filta, na ukiligonga hilo umejitafutia msiba. Pitisha bisibisi toka upande mmoja hadi wa pili, beseni likiwa chini, maana oili itatokea pale ulipotoboa. Kisha zungusha polepole. Bati likianza kuchanika, acha. Ukiendelea utabaki na bisibisi mkononi na tundu refu kwenye kopo.

Noah ya jirani yangu ilifika hatua hiyo. Ilikuwa imetoka sevisi kwenye gereji moja ya mjini, na pete ya meno ya mnyororo ilionekana kwenye bati tangu mwanzo. Kijana aliyekuja kuisaidia alitoboa, akasokota, kopo likachanika lote na karatasi ya ndani ikadondoka beseni ikiwa imelowa tope jeusi. Kwenye injini ikabaki sahani peke yake, duara la chuma lenye matundu, na ukingo wa bati uliochongoka kama wembe. Jirani akamwita mzee mmoja, fundi wa siku nyingi anayeishi mtaa wa chini.

Mzee hakugusa chochote kwanza. Aliomba tochi, akatazama, akaomba kitambaa afute. Kisha akachukua patasi butu na nyundo ndogo. Akaiweka patasi kwenye ukingo wa sahani, imelala karibu sambamba na mzunguko wake, ikielekea upande wa kufungua, akagonga. Pigo moja, jepesi. Akahamisha patasi upande wa pili wa duara, akagonga. Akarudi.

"Mzee, ongeza nguvu," kijana alisema.

"Taratibu, mwanangu. Ukiipiga kwa hasira inapinda, ikipinda inabana zaidi."

Akaendelea hivyo, huku na huku, mpaka sauti ya chuma ikabadilika, toka mlio mkavu ikawa mzito kidogo. Hapo aliweka patasi chini, akachomeka ncha za plaizi nyembamba kwenye matundu mawili ya sahani yanayotazamana, akazungusha kwa mkono. Ikaja. Nyuma yake raba ilikuwa imebaki imeganda kwenye injini, na aliibandua kwa ukucha na kipande cha mti, si kwa bisibisi, ili asikwaruze uso wa chuma. Jirani alimpa chake na neno la "ndaga," asante ya Kinyakyusa, naye akaondoka na nyundo yake mfukoni.

Hiyo raba iliyobaki nyuma ndiyo ningependa kila mtu aikague. Hutokea sana kwenye filta zilizogoma: kopo linatoka, raba yake inabaki kwenye injini, mtu anafunga filta mpya juu yake. Raba mbili zilizopandana hazishiki. Asubuhi ya baridi, oili ikiwa nzito na presha ikipanda mara tu gari linapowashwa, raba inasukumwa nje na oili inamwagika kwa kasi ambayo inaweza kuua injini kabla hujafika barabara kuu. Angalia filta ya zamani ina raba yake. Kama haina, iko juu kule. Wakati huohuo tazama kama lile bomba fupi la thredi limebaki kwenye injini; mara mojamoja linatoka pamoja na filta, na inabidi litolewe kwenye filta ya zamani na kurudishwa mahali pake likakazwa.

Kisha futa uso wa chuma ukauke. Paka raba mpya oili safi kwa kidole, duara zima. Funga kwa mkono hadi iguse, robo tatu ya mzunguko, kwa mkono uleule. Vifaa vyote vilivyotajwa hapa vikae sandukuni wakati huo. Chukua kalamu ya wino usiofutika, andika kwenye kopo tarehe na kilomita, kwa sababu ile kadi ya oili wanayotundika mbele hupotea.

Mimina oili, washa, taa nyekundu ya oili itazima baada ya sekunde chache. Acha injini ingurume, wewe chungulia kwenye shingo ya filta kwa tochi. Pakiwa pakavu, zima, subiri dakika kama tano oili ishuke, pima kijiti, ongeza kilichopungua. Filta mpya imeshajaza yake. Ile ya zamani igeuze kifudifudi juu ya beseni ikeshe, ichuruzike. Oili chafu iweke kwenye dumu lenye mfuniko. Kwangu haimalizi wiki, kuna mtu wa fensi anaipitia kupaka nguzo zake dhidi ya mchwa.